Soli ya Kushoto ya Poni

Wadogo zangu mnaocheza mpira wa kikapu hapa Mvara, Arua, kabla hamjaanza kusoma nawaomba mnivumilie. Mwandiko wangu unalalia upande mmoja kama mtu aliyebeba ndoo ya maji, na kuna herufi nimeziangusha njiani bila kujua. Shule niliishia darasa la saba. Mkono huu ulizoea msharasi, ile sindano nene ya kutobolea viatu, na ukishika kalamu unaiminya kana kwamba inataka kutoroka. Ukurasa mmoja unanichukua asubuhi nzima. Nanyi someni polepole, tutakwenda pamoja.

Mwalimu wenu wa mpira ndiye aliyeniomba. Alikuja akaketi nami akasema, "Fundi, hawa watoto wanalisikia jina la Poni tu, wanadhani ni mtu wa kutungwa. Wewe ulishona viatu vyake. Waambie." Nikamjibu kwamba siwezi kusimama mbele ya watu, nitatetemeka. Akasema, "Basi waandikie."

Najua mtacheka nikisema nimestaafu. Mstaafu mnayemjua ana mvi na fimbo, na mimi ndevu zangu bado hazijakutana kidevuni. Lakini kazi inaweza kumwachisha mtu mapema. Nilipokwenda hospitali ya Kuluva kifua kikiwa kimeziba, daktari alinusa shati langu kabla ya kunipima, akaniuliza nafanya kazi gani. Nikasema nabandika soli. Akasema, "Wewe na gundi mwachane." Hiyo ndiyo ilikuwa sherehe yangu ya kuagwa.

Kibanda chetu kilikuwa kando ya njia inayopita karibu na uwanja wa sementi, huu huu mnaouchezea ninyi. Nasema chetu, ila kilikuwa cha Mzee Rajabu, mtu wa Koboko. Baba yake alikuwa askari, naye alijifunza kushona akiwa kambini kwa kurekebisha buti. Kwake kila kiatu kilikuwa buti. Hata ndara za akina mama alizishona kama zinakwenda vitani.

Kazi ya viatu inamfaa mtu mwenye haya. Mteja amesimama, wewe umekaa chini, unaongea na miguu yake. Niliwajua watu wengi wa Mvara kwa vidole na visigino kabla sijajua sura zao. Nilikuwa nikikutana na mtu kanisani najiuliza ni nani, mpaka nitazame chini.

Kiatu cha kwanza nilichopewa nishone peke yangu kilikuwa cha katekista. Nilikishona vizuri, uzi umevutwa, mshono umenyooka. Katekista akaja kukichukua, akaingiza mguu, mguu ukagoma. Nilikuwa nimeshona ngozi ya juu pamoja na soli, kitu kizima kimefungwa mdomo kama gunia la muhogo. Mzee Rajabu akakigeuza huku na huku.

"Katekista," akasema, "hii kiatu iko tayari. Sasa iko natafuta mutu hana mguu."

Katekista alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilitamani kuingia chini ya benchi. Baada ya hapo Mzee alinifundisha jambo ambalo nawapa bure, wale mnaotaka kushika kazi hii: mkono wa kushoto uwe ndani ya kiatu wakati wote unaposhona. Sindano ikikuchoma, umejua ilipo. Mkono wangu wa kushoto una madoa ya sindano mpaka leo, na hakuna kiatu kingine nilichokifunga mdomo.

Jambo la pili ni gundi. Paka pande zote mbili, kisha ngoja. Vijana hawapendi kungoja. Gusa kwa mgongo wa kidole: ikinata, bado. Ikiwa kavu kama ngozi ya mjusi, hapo bandika na upige nyundo. Na mlango uwe wazi, hata mvua ikinyesha, hata vumbi likiingia. Sisi tulikuwa tunafunga mlango vumbi lisishike kwenye gundi. Soli zetu zilitoka safi sana. Mzee Rajabu alianza kukohoa kabla yangu.

Lakini kitu kikubwa alichonifundisha ni kutazama soli kabla ya kuishika. Alikuwa anainua kiatu kikuukuu juani na kusema, "Huyu nabeba mizigo upande wa kulia," au, "Huyu mguu moja iko naogopa." Niliona kama uchawi. Si uchawi. Mpira wa soli unalika pale mwili unapolalia, basi.

Siku moja akainua kiatu cha kushoto cha michezo, cha kiume, kikubwa, kimejazwa nguo kuukuu mbele ili kimtoshe mwenye mguu mdogo. Soli nzima ilikuwa nzuri. Ila mahali pamoja, chini ya shina la kidole gumba, palikuwa na tundu la mviringo, limetoboka mpaka ndani, safi kama limetobolewa kwa keekee.

Mzee akapitisha kidole katika lile tundu, akakirudisha kiatu juani.

"Huyu nafanya kazi gani?" nikauliza.

"Sijui," akasema. "Hii mutu iko nageuka. Nageuka tu. Enda wewe uwanjani, angalia nani iko nageuka."

Nikaenda. Ndivyo nilivyomwona yule binti, Poni, kwa mara ya kwanza.

Sikilizeni sasa, maana hapa ndipo kalamu inapopungukiwa. Ninyi mnamsifu mtu anayeruka. Poni hakuruka sana. Alikuwa mfupi kuliko wengi waliomkaba. Kipaji chake kilikuwa kusimama. Alikuja mbio na mpira, watu wawili nyuma yake, na ghafla amesimama, hakuna mbio tena, kama mtu aliyefika mlangoni kwake. Wale waliomfukuza walimpita kama boda iliyokatika breki. Alikuwa na muda hata wa kuwatazama wanavyokwenda. Kisha mguu wa kushoto unabaki palepale, mwili unauzunguka, bega kwanza, kiuno baadaye, na mpira unafika mwisho kabisa, kana kwamba ulikuwa umesahauliwa. Aliyemkaba alikuwa anamtafuta upande ambao hayupo.

Baadaye nilimuuliza alijifunza wapi. Alisema ni kwao Midia, Koboko, kwenye ua wa udongo. Kaka zake walipigilia rimu ya baiskeli kwenye nguzo. Mvua ikinyesha mpira haudundi, unazama kama jiwe kwenye ugali. Huwezi kukimbia nao. Unaupokea, unabaki na mguu mmoja chini, unazunguka, unatoa. Basi yeye alijifunza mpira usiodunda. Alipofika Mvara kukaa kwa shangazi yake, akakuta sementi, mpira unamrudia mkononi wenyewe. Alisema aliona kama watu wa mjini wanadekezwa.

Na kurusha. Mnajua ringi zetu hazina nyavu, hata siku zile hazikuwa nazo. Mpira ukipita katikati bila kugusa chuma, hauachi alama yoyote. Watu walikuwa wanagombana kila siku, umeingia, haukuingia, umepita nyuma. Mtu alirusha na kubaki amesimama na mikono juu, akiomba mashahidi. Poni akirusha, hakukuwa na ugomvi. Mpira ukitoka vidoleni alishageuka, anarudi nyuma kulinda upande wao, mgongo kwa ringi. Hakutazama. Na watu, wakiona ule mgongo, walihesabu. Hata wale wa upande wa pili. Sijapata kuona mtu mwingine ambaye mgongo wake ulikuwa shahidi.

Tulimtengenezea soli ya peke yake. Wachezaji wote wa Arua walikuwa wanataka mpira wa tairi jipya, wenye meno makali, ili wasiteleze. Kwa mkimbiaji ni sawa. Kwa mtu anayegeuka juu ya mguu mmoja ni hatari, kwa sababu meno yanashika sementi, mwili unakwenda, na goti halijui limfuate nani. Mzee Rajabu alitafuta kipande cha tairi la lori lililochakaa mpaka likawa na upara. Akakata mviringo, mkubwa kama kifuniko cha chupa ya soda ya familia, akaupachika pale palipotoboka, na kuzunguka akaweka mpira wenye meno. Tuliita kiatu cha upara. Poni akija alisema, "Mzee, upara yangu imeisha," na Mzee alivua kofia na kumwonyesha kichwa chake: "Chukua hii, mama, iko bado mupya."

Alikuja kila upara ulipolika. Aliketi kwenye ndoo iliyogeuzwa, miguu mitupu, anangoja. Mimi sikusema kitu, yeye pia hakuwa msemaji. Ilikuwa raha kukaa na mtu bila kusema. Aliniita Fundi mdogo.

Halafu Mzee Rajabu akarudishwa kwao Koboko, akafa huko. Alikuwa anakohoa kitu kilichonuka gundi. Kibanda kikabaki kwangu, na ndoo, na vipande vya tairi lenye upara kwenye gunia. Nilifunga mlango kama alivyofunga yeye.

Mwaka uleule timu ya akina dada wa Arua ikaalikwa kucheza Koboko. Kwa Poni haikuwa safari kama nyingine. Baba yake, askari wa zamani, alikuwa hajawahi kumwona akicheza. Hakumkataza, ila alikuwa akiulizwa husema binti yake yuko Arua anasaidia shangazi. Mpira hakuutaja. Safari hii alikuwa amesema atakuja, kwa kuwa Koboko si mbali na Midia.

Shangazi mtu alikuwa anauza samaki wakavu sokoni. Yeye na wenzake wa sokoni walisikia kwamba baba anakuja, wakaona aibu kwamba Poni atatokea mbele ya watu wa kwao na viatu vyenye viraka. Wakachanga. Wakamnunulia viatu vya michezo, vya kike, vyeupe, vilivyomtosha bila nguo ndani. Kabla ya kumpa wakavileta kwangu wote pamoja, kibanda kikajaa vitenge.

"Fundi, angalia," shangazi akasema. "Kiatu kama hii, mutu nakataa?"

Nikakigeuza. Meno ya soli yalikuwa mapya, makali, yanakwaruza kama ulimi wa paka. Nikabonyeza kidole nikakivuta juu ya benchi. Benchi likaja na kiatu.

Mnanijua, au mnalijua jina langu la kukaa kimya. Siku ile nilisema. Nilisema nikitazama chini, lakini nilisema. "Mama, ni kizuri. Ila Poni anageuka. Hiki kitamshika mguu. Nipeni nikate hapa, niweke upara, kama kile cha zamani."

Wakatazamana. Mmoja akacheka. "Unataka kukata kiatu mupya? Hata haijavaliwa?"

"Kipande kidogo tu, mama."

"Fundi, wewe nataka kazi," shangazi akasema, bila ubaya, akanigusa bega. "Hii hapana kazi yako. Hii imekuja mzima."

Wakaondoka navyo. Sikuwalaumu siku ile, wala leo siwalaumu. Wanawake wale waliacha kununulia watoto wao vitu ili mtoto mmoja apendeze mbele ya baba yake.

Poni akaja siku ya pili yake, viatu vyeupe mkononi, akaketi kwenye ndoo.

"Shangazi ameniambia ulichosema," akasema.

"Dada, lete nikate. Nitakata pembeni kwa ndani, hawataona."

"Wataona. Watakuwa pale. Wataniinulia mguu wamwonyeshe baba." Akacheka kidogo. "Fundi mdogo, nikivaa vile vya Mzee, nitakuwa nimewatupia samaki wao usoni. Nikivikata hivi, ni vilevile."

"Na goti?"

Akafikiri. "Nitageuka kwa mguu wa kulia."

Sikuelewa. Miaka yote hakuwa amegeuka kwa mguu wa kulia, hiyo soli yake ya kulia niliijua, ilikuwa kama ya mtu anayetembea tu. Nikamwambia hivyo. Akasema, "Nitajifunza njiani," akaenda.

Nilikwenda Koboko pia, nyuma ya lori la mchuuzi, nimekalia magunia. Uwanja wa kule ulikuwa wa sementi mpya, bado una mkwaruzo, haujalainishwa na miguu ya watu. Nilipoukanyaga ukashika soli zangu. Baba yake alikuja na buti zilizopigwa rangi mpaka zikang'aa, akakaa mbele, mikono magotini. Nilitazama mshono wa zile buti. Ulikuwa mshono wa kambini, kama wa Mzee Rajabu. Shangazi na wenzake walikuwa nyuma yake, wanamwonyesha viatu vyeupe kwa kidole kila Poni alipopita.

Wadogo zangu, kitu nilichokiona katika nusu ya kwanza, sidhani kuna mwingine aliyekiona, kwa sababu wengine walitazama mpira na mimi nilitazama miguu. Poni alicheza yote kwa upande mwingine. Mguu wa kulia unabaki, mwili unazungukia kinyume, bega lile lingine linatangulia, na mpira unatoka mkono usiozoea. Ilikuwa kama kumtazama Poni ndani ya kioo. Wachezaji wa Koboko walikuwa wameambiwa azibwe kushoto, wakaziba kushoto, yeye hayupo kushoto. Mguu wa kushoto aliukanyaga na kuuinua, kama mtu anayepita juu ya makaa. Na bado alisimama vilevile, ghafla, na watu wakampita. Na bado alirusha na kugeuka, mgongo kwa ringi, na watu wakahesabu.

Baba yake hakupiga makofi. Ila niliona mara moja, Poni aliposimama na mlinzi akapita mpaka nje ya mstari, yule mzee aliitikia kwa kichwa polepole na kumwambia jirani yake, "Huyu iko ya kwangu." Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayejibu swali.

Sijui kama Poni alisikia. Nadhani alisikia.

Mwishoni timu mbili zilikuwa sawa. Poni akapokea mpira mbele ya baba yake kabisa, karibu angeweza kugusa buti zake. Mlinzi mmoja mbele, mwingine anakuja kutoka kulia. Mwili wa mtu una njia yake ya nyumbani. Aligeuka juu ya mguu wa kushoto. Kama Midia, kama Mvara, kama siku zote. Bega likazunguka, kiuno kikafuata, mpira ukatoka vidoleni vizuri kabisa. Kiatu hakikuzunguka. Kilibaki kimeangalia kulekule kilikokuwa kinaangalia.

Sauti ya goti haikuwa kubwa. Nimesikia uzi mzito ukikatika, ilikuwa hivyo.

Watu wote walimtazama yeye chini. Mwamuzi pia. Mpira ukadunda nyuma ya uwanja, na ndipo mtu akauliza kama umeingia. Ukaanza ugomvi ambao haukuwahi kuwapo kwa mpira wa Poni hata siku moja. Umeingia. Haukuingia. Umepita pembeni. Hakukuwa na mgongo wa kutazama. Mwamuzi akasema hakuona, hawezi kuhesabu. Baba yake alikuwa ameshapiga magoti, anafungua kamba za kiatu cheupe, na shangazi amesimama hapo na kitenge mdomoni.

Goti halikurudi. Tuliambiwa litarudi likipumzika, na lilipumzika, na likabaki limepinda. Poni alirudi Midia. Mimi niliendelea kubandika soli mpaka kifua kikanikatalia. Wanawake wa sokoni hawapiti tena mbele ya kibanda changu, wanazunguka nyuma ya kanisa, ingawa sijawahi kuwaambia neno. Viatu vya upara viko kwangu. Poni alinitumia kwa mtu wa boda, bila ujumbe.

Nilikwenda kumwona kabla sijaanza kuandika haya, kuomba ruhusa. Nilimkuta anamenya muhogo, mguu umenyooshwa kwenye mkeka. Rimu ya baiskeli iko bado kwenye nguzo, imekula kutu, kuku wanalala chini yake. Baba yake ndiye aliyeniletea kiti. Nilimwambia Poni kwamba bado watu wanabishana kuhusu ule wa mwisho, hata hapa Mvara, hata ninyi ambao hamkumwona. Nikamuuliza yeye anasemaje, ulikuwa unaingia?

Akaendelea kumenya.

"Unaniuliza mimi?" akasema. "Fundi mdogo, sikuwahi kutazama hata mmoja."

Baba yake alikuwa mlangoni. Akasema, kwa sauti ileile, "Mimi pia siku ile niliangalia mguu," akaingia ndani.

Nami niliangalia mguu. Ndiyo kazi yangu. Nimewauliza wote ninaowajua waliokuwa Koboko siku ile, na wote waliangalia mguu. Kwa hiyo ninyi mnaosoma, waulizeni kaka zenu, mama zenu, wauza maji, mtu yeyote aliyekuwa pale na ambaye, kwa sababu yoyote, macho yake yalikuwa juu. Kama yupo, aniandikie. Barua ampe mtu yeyote wa boda wa Mvara aseme ni ya fundi aliyeacha gundi, itanifikia. Aandike neno moja tu, uliingia au haukuingia, nami nitaipeleka Midia mwenyewe. Mwandiko ukiwa mbaya si kitu.